Bredäng: Intaneti inavyoyafikisha makampuni madogo katika masoko ya nje

Kitongoji cha Bredäng, kusini-magharibi mwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, hakina bandari wala soko la hisa. Kina majengo marefu ya ghorofa ya miaka ya 1960, kituo cha treni, maduka machache na ufukwe wa ziwa Mälaren. Hata hivyo, mkazi wa kitongoji hicho mwenye kompyuta, simu ya mkononi na bidhaa nzuri anaweza leo kumwuzia mteja aliye Berlin au Toronto bila kutoka sebuleni kwake. Miaka 40 iliyopita jambo hilo lilihitaji wakala, ofisi ya nje na mtaji ambao mfanyabiashara mdogo hakuwa nao.

Swali linaloulizwa na wengi ni iwapo mlango huo uliofunguliwa na intaneti unampatia kweli mfanyabiashara mdogo riziki, au unamwingiza katika soko asiloliweza. Kwa Waafrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee. Wapo walioko Ulaya wanaotaka kuuza bidhaa za nyumbani, na wapo mafundi walioko Mombasa, Dar es Salaam au Kampala ambao mnunuzi wao mzuri huenda yuko ng'ambo. Wote wawili huweka akiba zao rehani katika jaribio hilo.

Kitongoji na nyaya zake

Bredäng ilijengwa katika kipindi ambacho serikali ya Uswidi ilikuwa ikipambana na uhaba mkubwa wa nyumba. Kituo chake cha treni kilifunguliwa mwaka 1965, na safari ya kwenda katikati ya jiji huchukua takriban dakika 20. Mwaka 1965 kampuni ya IKEA ilifungua duka lake kubwa la Stockholm huko Kungens Kurva, kilomita chache kutoka Bredäng. Sawa na vitongoji vingine vya eneo la Skärholmen, Bredäng imekuwa makazi ya watu kutoka nchi nyingi, wakiwemo waliotoka Afrika.

Kisichoonekana kwa macho ni nyaya zilizo chini ya barabara. Mwaka 1994 Jiji la Stockholm liliunda kampuni yake, Stokab, kwa ajili ya kutandaza nyaya za kioo zinazopitisha mawasiliano kwa kasi ya mwanga. Stokab haiuzi huduma ya intaneti kwa wananchi. Kazi yake ni kukodisha nyaya kwa kampuni yoyote inayozihitaji, kwa masharti yaleyale, ili makampuni ya mawasiliano yashindane kwa bei na ubora badala ya kila moja kuchimba mtaro wake. Baadaye nyaya hizo zilifikishwa pia katika majengo ya makampuni ya nyumba yanayomilikiwa na jiji, yakiwemo yale ya vitongojini.

Mwaka huohuo wa 1994, tarehe 4 Februari, Waziri Mkuu wa Uswidi wa wakati huo, Carl Bildt, alimpelekea Rais Bill Clinton wa Marekani barua pepe, na Clinton akamjibu. Hayo yanatajwa kuwa mawasiliano ya kwanza ya barua pepe baina ya viongozi wa serikali mbili. Miaka minne baadaye, mwaka 1998, serikali ilianzisha mpango wa kodi uliowawezesha wafanyakazi kukodi kompyuta za nyumbani kwa bei nafuu kupitia kwa waajiri wao. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 2006, na kwa sababu yake kompyuta iliingia katika nyumba nyingi za watu wa kipato cha kawaida.

Hatua hizo hazikulengwa kwa wafanyabiashara wadogo peke yao. Lakini ndizo zilizowapa chombo kilekile kilichokuwa mikononi mwa makampuni makubwa, na kwa gharama iliyokaribiana.

Ngazi za zamani

Ili kufahamu intaneti imebadilisha nini, ni vyema kutazama namna makampuni yalivyokuwa yakitoka nje ya nchi zamani. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, kaskazini mwa Stockholm, walichunguza historia ya makampuni manne ya Uswidi: Sandvik, Atlas Copco, Facit na Volvo. Waligundua kwamba hakuna aliyeruka. Kila moja lilipanda ngazi polepole.

Kampuni ilianza kwa kuuza nchini mwake. Kisha ikapata maagizo machache kutoka nchi jirani, ambako lugha na desturi hazikutofautiana sana. Baada ya hapo ikateua wakala, halafu ikafungua ofisi ya mauzo, na mwisho kabisa ikajenga kiwanda. Maelezo kamili ya nadharia hiyo, iliyotolewa na Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne mwaka 1977, yanafundishwa hadi leo katika vyuo vya biashara ulimwenguni kote.

Kiini cha nadharia hiyo ni kwamba kizuizi kikubwa cha kuuza nje ni kutojua. Umbali wa kilomita si kitu ukilinganishwa nacho. Muuzaji hamjui mnunuzi, hajui sheria za nchi yake, hajui nani mwaminifu na nani tapeli. Ujuzi huo ulipatikana kwa kuishi na kuhangaika katika soko husika, na ulikuwa ghali. Kampuni ya watu watatu haikuweza kuugharimia, ndiyo maana biashara ya nje ilibaki mikononi mwa wakubwa.

Gharama nne zilizopungua

Intaneti haikuifuta ngazi hiyo, lakini imeshusha bei ya kuipanda. Gharama zilizopungua zaidi ni nne.

Ya kwanza ni ya kumtafuta mnunuzi. Soko la mnada la eBay lilianzishwa Marekani mwaka 1995, na Alibaba ikaanzishwa China mwaka 1999 ikiwa na lengo la kuwakutanisha wenye viwanda vidogo na wanunuzi wa nje. Uswidi ilipata mnada wake wa Tradera mwaka 1999, ambao ulinunuliwa na eBay mwaka 2006. Mitandao hiyo, pamoja na injini za kutafutia habari, ilimwezesha mnunuzi wa bidhaa adimu kumfikia muuzaji hata kama wanunuzi wa aina yake wametawanyika, mmoja mmoja, katika nchi 30. Duka la mtaani halingeweza kuishi kwa wateja kama hao, lakini tovuti inaweza.

Ya pili ni ya mazungumzo. Hadi miaka ya 1990, simu kutoka Ulaya kwenda Afrika Mashariki ilihesabiwa kwa dakika, na kila dakika iliuma. Mwaka 2003 Mswidi Niklas Zennström na Mdenmark Janus Friis, wakisaidiwa na watayarishaji wa programu wa Estonia, walianzisha Skype, iliyowezesha watu kuzungumza bila malipo kupitia kompyuta. Skype yenyewe ilifungwa mwezi Mei mwaka 2025, lakini kazi yake ilikwishachukuliwa na huduma nyingine kama WhatsApp. Leo fundi huonyesha mshono au rangi ya bidhaa kwa picha, na marekebisho hufanyika kabla mzigo haujafungwa.

Ya tatu ni ya malipo, na ya nne ni ya kuaminiana. Mbili hizi huenda pamoja. Mnunuzi huogopa kulipa kabla hajapata bidhaa, na muuzaji huogopa kutuma kabla hajalipwa. Kampuni ya Klarna, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2005, ilijengwa juu ya hofu hiyo. Mnunuzi alipokea bidhaa kwanza na kulipa baadaye, huku Klarna ikimlipa muuzaji na kubeba hatari ya deni. Mwaka 2010, Jacob de Geer na Magnus Nilsson walianzisha iZettle, pia jijini Stockholm. Kifaa chao kidogo kilichounganishwa na simu kilimwezesha hata mwenye meza ya gulioni kupokea malipo ya kadi. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilinunuliwa na PayPal ya Marekani kwa dola bilioni 2.2.

Tatizo la kuaminiana ni la kale kuliko intaneti. Ingvar Kamprad, aliyeanzisha IKEA mwaka 1943, aliuza kwanza kwa njia ya posta. Ushindani wa bei baina ya wauzaji wa posta ulipokuwa mkali, ubora wa bidhaa ulishuka na wateja wakaanza kuwa na shaka. Mwaka 1953 alifungua ukumbi wa maonyesho katika mji mdogo wa Älmhult ili watu washike samani kwa mikono yao kabla ya kuagiza. Picha za kina, maoni ya wateja waliotangulia na haki ya kurudisha bidhaa ndizo ukumbi wa maonyesho wa duka la intaneti.

Waliokimbia kabla ya kutembea

Si kila aliyeruka ngazi alifika salama. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Waswidi wawili, Ernst Malmsten na Kajsa Leander, ambao baada ya kufanikiwa kuuza vitabu kwa intaneti nchini mwao walianzisha duka la mavazi la Boo.com lenye makao makuu London. Duka hilo lilifunguliwa mwezi Novemba mwaka 1999 likilenga nchi nyingi kwa mpigo, kila moja ikiwa na lugha yake, sarafu yake na kodi zake.

Tovuti ilipambwa kwa picha nzito, wakati ambapo wateja wengi walikuwa bado wakitumia laini za kawaida za simu zilizochukua dakika kadhaa kufungua ukurasa mmoja. Mwezi Mei mwaka 2000, baada ya miezi sita tu sokoni, kampuni ilifilisika ikiwa imeteketeza zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji.

Boo.com halikuwa duka dogo, lakini mkasa wake unawahusu wadogo zaidi kuliko wakubwa. Intaneti hufungua nchi zote kwa wakati mmoja, lakini kila nchi huja na posta yake, sheria zake na wateja wenye desturi zao. Mwenye mtaji mkubwa huweza kukosea mara mbili. Mwenye akiba ya familia hukosea mara moja tu.

Upande wa Afrika Mashariki

Kwa muda mrefu nusu ya pili ya daraja hili haikuwapo. Hadi mwaka 2009, pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, huduma iliyokuwa ghali na ya kusuasua. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi, na mwaka uliofuata ukafuata waya wa EASSy. Bei za jumla za mawasiliano zilishuka sana, ingawa mtumiaji wa kawaida alisubiri zaidi kuona unafuu huo.

Malipo yalikwishapata njia. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Fundi asiye na akaunti ya benki aliweza kupokea fedha katika simu yake. Pengo lililobaki lilikuwa la kuunganisha simu hiyo na mnunuzi wa ng'ambo. Kwa miaka mingi PayPal iliwaruhusu watumiaji katika nchi kadhaa za Afrika kulipa, lakini si kupokea malipo. Kenya ilipata unafuu mwaka 2018, pale PayPal na M-Pesa zilipounganishwa.

Mfano wa wazi wa muungano huu ni kampuni ya Soko ya Nairobi, iliyoanzishwa mwanzoni mwa muongo wa 2010 na wanawake watatu, mmoja wao Mkenya Catherine Mahugu. Kampuni hiyo huuza nje vito vya shaba, pembe na mifupa vinavyotengenezwa na mafundi waliotawanyika katika karakana ndogondogo. Fundi hupokea oda na malipo yake kwa simu ya mkononi, wala hahitaji kuwa na kompyuta. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani huona kampuni moja yenye viwango vinavyofanana, ingawa nyuma yake wako mafundi wengi.

Nchini Ethiopia, Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha kampuni ya viatu ya soleRebels katikati ya miaka ya 2000, akitumia matairi yaliyochakaa kwa soli na vitambaa vya kufumwa kwa mkono. Badala ya kumngojea mnunuzi wa jumla aje Addis Ababa, kampuni hiyo iliutumia mtandao kujitangaza na kuuza nje chini ya jina lake yenyewe.

Dar es Salaam nayo ina wachoraji wa Tingatinga, waliorithi mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo na kuunda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Zamani soko lao lilikuwa watalii na wageni waliopita Oysterbay. Intaneti iliwapa wateja wasiowahi kukanyaga Tanzania. Lakini picha iliyowekwa kwenye tovuti huweza pia kunakiliwa na mtu yeyote, mahali popote, bila mchoraji kupata senti.

Mtu wa katikati

Mwaka 2009 watafiti walewale wa Uppsala walirejea nadharia yao na kuirekebisha. Safari hii walisema kwamba kikwazo kikuu si tena ugeni wa nchi, bali ni kuwa nje ya mtandao wa mahusiano. Anayejuana na watu katika soko huingia upesi. Asiyejuana na mtu hubaki nje hata akiwa na bidhaa bora.

Hapo ndipo nafasi ya mhamiaji inapoonekana. Mtu aliyekulia Tanga na sasa anaishi Bredäng ana mguu mmoja kila upande. Anajua kumwuliza mfumaji kwa lugha yake ukili utakauka lini, na anajua kwamba mteja wa Stockholm akiahidiwa mzigo siku ya Alhamisi, Ijumaa atauliza. Anaweza kusaini mkataba Uswidi na kufika msibani Tanga. Ujuzi ambao Volvo iliununua kwa miaka mingi, yeye anao bila kuutafuta.

Pamoja na hayo, mahusiano hayo yana mzigo wake. Ndugu anayetuma bidhaa hudhani anamsaidia ndugu, na ndugu anayeuza hudhani anamsaidia aliyeko nyumbani. Bila maandishi kuhusu bei, idadi na nani anabeba hasara mzigo ukiharibika, biashara ikiyumba undugu nao huyumba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na simu ya mkononi haijaibatilisha methali hiyo. Imerahisisha tu kutunza daftari.

Kuanzisha kampuni na kupita forodhani

Nchini Uswidi, kuandikisha biashara hufanyika kwa kiasi kikubwa kupitia intaneti. Tovuti ya serikali ya verksamt.se inaunganisha huduma za Bolagsverket, ambayo ni mamlaka ya usajili wa makampuni, na Skatteverket, ambayo ni mamlaka ya kodi. Anayeanza peke yake huweza kufungua biashara ya mtu binafsi bila mtaji wa chini. Anayetaka kampuni ya hisa anahitaji mtaji wa krona 25,000, kiwango kilichopunguzwa mwaka 2020 kutoka krona 50,000. Tofauti ni kubwa: katika biashara ya mtu binafsi, deni la biashara ni deni la mwenye biashara mwenyewe.

Anayeingiza bidhaa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya huhitaji namba ya utambulisho ya forodha, maarufu kama namba ya EORI, inayotolewa na Tullverket, mamlaka ya forodha ya Uswidi. Ushuru wenyewe hutegemea bidhaa na mahali ilikotengenezwa. Nguo nyingi hutozwa kiasi cha asilimia 12. Lakini bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huingia Ulaya bila ushuru chini ya mpango ulioanza mwaka 2001 unaohusu kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo katika kundi hilo, lakini mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai mwaka 2024.

Hapa wengi hujikwaa. Kinachotazamwa ni mahali bidhaa ilipotengenezwa, si bandari ilikopakiliwa. Kanga iliyochapishwa India na kununuliwa Kariakoo haiwi ya Tanzania kwa sababu tu imepakiwa Dar es Salaam. Gauni lililoshonwa Tanzania kwa kitambaa kilichotoka nje, kwa upande mwingine, huweza kukubaliwa kuwa la Tanzania, kwa sababu kanuni za nchi hizo zinahesabu ushonaji kuwa utengenezaji wa kutosha. Kwa mzigo usiozidi thamani ya euro 6,000, msafirishaji yeyote anaweza kuandika mwenyewe tamko la asili ya bidhaa kwenye hati ya mauzo. Ukizidi hapo, lazima awe amesajiliwa.

Bidhaa nyingine zina masharti yake. Asali, kwa kuwa hutokana na nyuki, huruhusiwa tu kutoka nchi zilizomo katika orodha ya Umoja wa Ulaya. Mafuta ya kujipaka, kama siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda, lazima yawe na mtu au kampuni ndani ya Umoja wa Ulaya inayowajibika kwa usalama wake. Mpingo unaotumiwa na wachongaji wa Kimakonde umekuwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, tangu Januari mwaka 2017. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa vitu vilivyokwishakamilika, ikiwa uzito wa mti huo katika mzigo mmoja hauzidi kilo 10.

Kwa wauzaji walioko nje ya Ulaya, Uswidi ina kitengo kiitwacho Open Trade Gate Sweden, kilicho chini ya Kommerskollegium, bodi ya taifa ya biashara. Kazi yake ni kuwaeleza wauzaji wa nchi zinazoendelea sheria za kuingia katika soko la Uswidi na la Umoja wa Ulaya.

Hesabu ya kikapu kimoja

Faida ya biashara ya intaneti huonekana kubwa mpaka hesabu ipigwe. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Kikapu kinauzwa Stockholm kwa krona 500. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Uswidi ni asilimia 25 juu ya bei ya bidhaa nyingi, hivyo katika krona 500, krona 100 ni za serikali. Mtandao wa mauzo ukichukua asilimia 15, hizo ni krona 75. Posta ya kumfikishia mteja ni krona 60. Fundi alilipwa krona 150, na usafiri kutoka Afrika pamoja na gharama za forodha ulikuwa krona 80 kwa kila kikapu. Kinachobaki ni krona 35.

Biashara ndogo sana huweza kukwepa sehemu ya mzigo huo kwa njia ya halali. Tangu mwaka 2025, mwenye mauzo yasiyozidi krona 120,000 kwa mwaka halazimiki kutoza kodi ya ongezeko la thamani nchini Uswidi, ingawa naye hawezi kudai arudishiwe kodi aliyolipa forodhani. Mauzo kwa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya yakivuka euro 10,000 kwa mwaka, kodi hulipwa kwa kiwango cha nchi ya mnunuzi. Tangu Julai mwaka 2021 mfanyabiashara huweza kuitangaza kodi hiyo ya nchi zote kupitia mamlaka moja, kwa upande wake Skatteverket.

Halafu kuna haki ya mteja. Katika Umoja wa Ulaya, anayenunua kwa intaneti ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Muuzaji hurudisha bei yote pamoja na gharama ya kawaida ya kumpelekea bidhaa. Katika mfano wa hapo juu, kikapu kimoja kikirudishwa, krona 60 za posta zimekwenda, nayo ni faida ya karibu vikapu viwili. Picha isiyoonyesha vipimo sahihi inaweza kula faida ya wiki nzima.

Hesabu hiyo inaonyesha pia mahali pa kupatia nafuu. Vikapu 200 vikisafirishwa kwa meli kwa pamoja, usafiri wa kila kimoja hushuka. Mteja anayenunua moja kwa moja katika tovuti ya muuzaji humwokolea ada ya mtandao wa mauzo. Na kikapu chenye jina la mfumaji na maelezo ya kweli ya kilikotoka huweza kuuzwa kwa bei ya juu kuliko kisicho na jina. Jaribu la kupunguza malipo ya fundi lipo daima, lakini fundi mwenye simu naye anaiona bei ya Stockholm kwenye tovuti.

Hatari zisizoonekana

Anayeuza kupitia mtandao mmoja mkubwa hulima shamba la kupanga. Mwenye mtandao akibadili ada, akishusha bidhaa hadi ukurasa wa kumi, au akifunga akaunti kwa kushuku udanganyifu, mapato hukatika siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo washauri wa biashara huhimiza kuwa na tovuti ya kampuni yenyewe na orodha ya wateja, ambayo Ulaya hutunzwa kwa kufuata sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei mwaka 2018.

Utapeli nao una sura mbili. Wapo wanunuzi hewa wanaotumia kadi za wizi na wapo wauzaji hewa wanaotuma picha nzuri na kutoweka na malipo ya awali. Kinga ya kawaida ni oda ndogo ya majaribio, malipo kwa awamu, na kumpeleka mtu anayeaminika akaione karakana kwa macho.

Jina la bidhaa pia ni mali. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno 'kikoy' kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Wafanyabiashara na wanaharakati wa Kenya walipinga, wakisema kikoi ni vazi la watu wa pwani na si mali ya kampuni moja. Ombi hilo halikufanikiwa. Kama lingepita, muuzaji wa Lamu angeweza kuzuiwa kuiita bidhaa yake jina lake halisi katika soko la Uingereza.

Gharama ya kupeleka fedha Afrika bado ni kubwa. Takwimu za Benki ya Dunia za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa kutuma fedha katika nchi za kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa takriban asilimia 8 ya kiasi kinachotumwa, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Kwa fundi anayelipwa kidogo kidogo, tofauti hiyo ni sehemu ya ujira wake.

Kuanza kwa ngazi ya kwanza

Mambo haya kwa pamoja yanaeleza kwa nini wadogo wengi waliofaulu walianza na soko moja. Bidhaa moja au mbili, nchi moja, njia moja ya malipo na mzigo mdogo wa majaribio humwezesha muuzaji kujifunza kwa hasara anayoimudu. Nchi ya pili huongezwa pale ambapo maagizo yanatoka huko bila kuombwa, kwa sababu ni dalili kwamba wanunuzi wapo.

Utaratibu huo hauko mbali na ule walioueleza watafiti wa Uppsala miaka ya 1970. Tofauti ni kwamba ngazi ambayo kampuni ya Sandvik au Volvo iliipanda kwa miongo kadhaa, sasa huweza kupandwa kwa miaka michache na mtu mwenye chumba kimoja cha kuhifadhia mizigo. Anachohitaji bado ni kilekile: kumjua anayemnunulia, kumjua anayemuuzia, na kujua kila krona inakokwenda.